Watoto wanageuza maneno nyuma mbele, hii lugha imetoka wapi?

SWALI: Asalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Malindi. Tangu shule zifungwe hawa wakubwa wawili wanaongea maneno yamegeuzwa na mimi nabaki kuwatolea macho tu. Jirani yangu mzee ananambia ni lugha ya wezi niikataze mapema, mwengine anasema ni Sheng imeshuka na mabasi ya Nairobi. Nambieni ukweli, na vipi nitawasikia wanasema nini?
Mama Watatu, Malindi

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Hicho ni kinyume, na mabasi hayahusiki kabisa, manake kinyume kilikuwa kikisemwa huku pwani kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Sheng yenyewe ndo imefuata njia hiyohiyo, si unaona "stori" wameigeuza ikawa "risto".

Kanuni yake ni moja tu, silabi ya mwisho inaletwa mbele. Nyumba inakuwa mbanyu, pesa inakuwa sape, samaki kisama, amekuja unasikia jaameku. Kiswahili kinakubali mchezo huu vizuri sana kwa sababu silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukikata kipande ukakibandika popote bado kinatamkika, na mara nyengine kinatoka neno zima jengine, "kazi" inageuka "zika", "lete" inageuka "tele", hapo ndo mtu mzima anapotea kabisa anadhani watoto wanaongea mambo ya mazishi. Lakini kuna maneno yanawaponyoka: mama ukiligeuza ni mama tu, baba ni baba, dada ni dada. Ndo maana watoto wajanja huwapa wazazi jina la siri. Wako kama bado hawajafika hapo, ukisikia "mama" katikati ya hayo maneno yao ujue unasemwa wewe.

Kuhusu wezi, huyo mzee hajakosea yote ila ameonea watoto. Wachuuzi wa matunda na samaki wa London walikuwa na yao, mwandishi Mwingereza Henry Mayhew aliiandika mwaka 1851, senti yao ya "penny" wakiiita "yennep" ili mteja asijue wanapangana bei gani na polisi asielewe. Wao waligeuza herufi. Wafaransa wanageuza sauti, na hata jina la lugha yao, verlan, ni neno "l'envers", yaani kinyume, limegeuzwa. Buenos Aires huko Argentina, ile ngoma yao ya tango ikaitwa gotán. Hawa wote hawakufunzana, kila watu walikata lugha yao pale inapokatika, na sababu ni ileile, kuna mtu yuko karibu anasikiliza na wewe una lako la kusema.

Na sisi huku hilo tunalijua zamani kabla ya hao wa London. Fumo Liyongo alipofungwa Pate, masimulizi yanasema alimuimbia kijakazi Saada maagizo ya kumpelekea mamake, walinzi wamesimama hapohapo wanasikia kila neno wasielewe, mama akaelewa, akaoka mikate mizuri na mmoja wa makapi, ndani ya huo wa makapi akaficha tupa ya kukatia minyororo, walinzi wakala ile mizuri ule wa makapi wakampa mfungwa. Lile lilikuwa fumbo, si kinyume, lakini kazi ni hiyohiyo, na hakuna anayemuita Liyongo mwizi kwa hilo.

Kwa hiyo usikataze dada, tafadhali. Mtoto anayegeuza silabi papo hapo bila kukwama anakijua Kiswahili mpaka ndani, na mimi nasikitika nikiona mitaa mengine watoto hawakijui tena. Kuwasikia si kazi: usihangaike na sentensi nzima, shika neno moja fupi, chukua silabi ya mwanzo uirudishe nyuma. "Chafi musi" ni ficha simu. Anza na hiyo usiku wa leo, na wakikuuliza umejuaje, wajibu "ndane lekala".