Kabla ya Kununua Iafoni Nyingine, Badilisha Vipira

Mtu akiniambia iafoni zake hazina besi, kabla sijauliza kazinunua wapi naangalia vipira, zile kofia laini za mpira zinazoingia sikioni. Mara nyingi ni vile vya kati vilivyokuja vimevalishwa tangu kiwandani. Vikubwa na vidogo vilibaki kwenye kipakiti, na kipakiti kikatupwa pamoja na boksi. Na huyo huyo utamkuta anapanda daladala kwenda mjini kutafuta nyingine za bei ya juu.

Zangu ni za Makoroboi, sokoni Mwanza, za waya, za kuingiza ndani ya sikio, za shilingi 10,000 au zaidi kidogo baada ya kuvutana bei. Ndani yake kuna spika moja ya kama milimita 10, na spika hiyo si mbaya kama inavyosingiziwa. Inadai kitu kimoja tu: hewa iliyo kati yake na ngoma ya sikio isivuje. Ikivuja, besi ndiyo inayotoroka kwanza, sauti za juu zinabaki peke yake, na muziki unalia kama bati.

Jaribu hivi. Weka wimbo wenye gitaa la besi, kisha bonyeza iafoni taratibu kwa kidole kuelekea ndani. Besi ikijaa ghafla, jua kulikuwa na upenyo. Vaa kipira kikubwa zaidi kwa saizi moja. Usishangae sikio la kushoto likataka kikubwa na la kulia likataka cha kati. Mimi niko hivyo, na hakuna aliyewahi kunikagua. Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza iafoni huku ukiizungusha kidogo, halafu achia. Ukiongea ukasikia sauti yako mwenyewe inavuma kichwani, imekaa. Waya ukisugua shati na kukuletea makelele, uzungushe juu ya sikio ushuke kwa nyuma.

Faida yake utaiona safarini. Kwenye kivuko cha Kamanga, au kwenye meli ya kwenda Nansio ukikaa upande wa injini, kuna ngurumo nzito isiyokoma, na ngurumo hiyo hufunika besi kuliko kitu kingine chochote. Asiyezibwa vizuri hupandisha sauti mpaka mwisho. Aliyezibwa anaiacha katikati. (Kwenye bodaboda na unapovuka barabara pale Buzuruga, toa zote mbili. Hilo halina mjadala.)

Vipira vikishakaa ndipo uguse ikwalaiza, ile sehemu ya simu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu kila moja peke yake. Simu nyingi za Android zina ngazi tano: hezi 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Hezi ni mitetemo kwa sekunde: namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti za juu. Wengi wanachofanya ni kusukuma zote juu, kisha wanashangaa muziki unakwaruza. Sauti ya kidijitali ina dari. Ukiisukuma kupita dari, vilele vya mawimbi vinakatwa, na mkwaruzo huo hakuna iafoni ya bei yoyote itakayouondoa. Mimi hupunguza. Kama kuna kitu kimezidi, nakishusha hicho, halafu naongeza sauti ya simu kufidia.

Kinachozidi kwenye iafoni za bei ndogo mara nyingi ni kile cha kuzunguka hezi 230. Watengenezaji wanajua wateja wanapenda mdundo, basi wanauvimbisha mpaka unamwagikia kwenye sauti za waimbaji. Shusha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2 au 3 hapo, usikilize mtangazaji wa redio unayeijua sauti yake. Kama alikuwa anaongea ndani ya pipa, atatoka. Kwangu mtangazaji ni kipimo bora kuliko muziki, kwa sababu sauti ya binadamu haitudanganyi kirahisi. Ngazi ya 60 iache. Ndiko ngoma za bugobogobo, mchezo wa Wasukuma, zinakopata uzito wake.

Ya 3,600 iendee polepole. Tundu la sikio lenyewe hukuza sauti za karibu na hezi 3,000, kwa hiyo kikizidi kidogo tu hapo unachoka ndani ya nusu saa bila kujua kwa nini. Ukishusha mno, nayo magitaa ya sebene yanalala. Zile herufi "s" zinazochoma kwenye kwaya huwa juu zaidi, kama hezi 6,000 mpaka 8,000, na ikwalaiza ya ngazi tano haizifikii sawasawa. Tafuta programu yenye ngazi kumi, ushushe ya 8,000. Kuna mradi wa bure wa AutoEq, ulioanzishwa na Jaakko Pasanen, wenye marekebisho tayari ya hedifoni na iafoni nyingi sana, lakini zetu zisizo na jina hazimo, kwa hiyo sikio lako ndilo kipimo.

Rekebisha ukiwa kwenye kiwango cha sauti unachosikiliza kila siku. Tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huipoteza besi zaidi. Mpangilio uliopendeza kwenye daladala ya Buhongwa utakuwa mzito mno au mwepesi mno usiku chumbani. Mimi nina miwili, nimeihifadhi. Na unapolinganisha mipangilio, isawazishe kwa ukubwa wa sauti kwanza, maana yenye kelele zaidi hushinda hata isipostahili. Kuhusu kelele: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, ukifika 90, zinabaki saa 4 tu.

Upande mmoja ukififia usikimbilie kwa fundi. Geuza, ya kushoto ivae kulia. Udhaifu ukihama nayo, angalia kwanza ulinganifu wa kushoto na kulia kwenye mipangilio ya simu, kisha ule wavu mdogo mdomoni: mara nyingi ni nta. Vua kipira, ielekeze chini, pitisha mswaki mkavu. Usichome kwa sindano, utaupeleka uchafu kwenye spika. Udhaifu usipohama, hakikisha kipira kimeziba vizuri upande huo kabla hujalilaumu sikio.

Na kama wewe ni mtu wa mechi redioni, usiharakishe kuhamia zisizo na waya. Redio ya FM ndani ya simu hutumia waya wa iafoni kama antena, na bila waya simu nyingi hazishiki stesheni hata moja. Mawimbi yakiyumba ukiwa katikati ya ziwa, uachie waya uning'inie wote, usiukunje mfukoni.