Maswali na majibu: Kabla hujang'oa makabati ya jikoni

Barua za safari hii karibu zote zinataka kung'oa kitu. Nimechukua zile zinazowafaa wengi. Wanaouliza rangi ipi inapendeza jikoni, chagueni mnayoipenda. Mimi nitasema inavyopakwa.

Shikamoo. Nataka kukarabati jiko kwa gharama nafuu bila kuharibu mazingira. Nianze kununua nini?

Marahaba. Usianze kununua. Toa kila kitu kilicho chini ya sinki, ingiza mkono mpaka nyuma kabisa, papasa viungo vya bomba. Ukikuta unyevu, kazi yako ya kwanza ni hiyo. Nimeona makabati mapya yakivimba kwa chini kwa sababu mwenye nyumba alikimbilia milango ya kung'aa, bomba akaliacha linadondosha. Kisha bonyeza sakafu ya kabati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu, kabati lako ni zima, libaki. Ikimeguka chengachenga, ubao huo hautibiki. Badilisha huo, si jiko zima.

Makabati yangu ni mazima ila yamechakaa kwa sura. Muuzaji ananishauri nichukue seti mpya ya mianzi, eti ni rafiki wa mazingira. Nikubali?

Usikubali. Nimeshalisema hili mara nyingi na sitachoka: lebo ya kijani haifuti lundo la mbao nzima unazokwenda kuzitupa. Ni kweli mwanzi hukomaa upesi, lakini ubao wa mwanzi ni vipande vilivyobanwa kwa gundi, na gundi ndiyo ya kuulizia. Gundi nyingi za MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizobanwa) na za mbao za chenga zina formaldehaidi, hewa yenye sumu ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Ubao ukiwa mpya ndipo hutoa hewa hiyo kwa wingi. Wako wa miaka mingi umeshaitoa sehemu kubwa. Siku ukilazimika kununua, uliza daraja la utoaji wa formaldehaidi, na kwa mbao uliza cheti cha FSC, kinachoonyesha zimetoka msitu unaotunzwa vizuri. Muuzaji akibabaika, ondoka.

Kinachochakaa kwenye kabati ni mlango, bawaba na kishikio. Fungua milango, andika namba nyuma ya kila mmoja kwa penseli ili irudi ilikotoka. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta mpaka kitambaa kitoke safi. Ikishakauka, piga msasa laini hadi mng'ao upotee, paka rangi ya msingi inayoshika kwenye sehemu laini, halafu mikono miwili ya rangi ya maji isiyo na harufu kali. Watu hukwepa kuosha. Baada ya muda rangi inabanduka palepale karibu na kishikio, kwenye mafuta ya vidole, ndipo wanailaumu rangi.

Onyo ambalo hukuliuliza: kama nyumba ni ya zamani, usipige msasa mkavu kabla rangi haijapimwa. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Marekani yenyewe ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na mtoto ndiye anayetambaa sakafuni.

Je, rangi ya maji inadumu jikoni?

Inadumu ukiosha kwanza. Soma jibu la juu.

Jiko letu ni dogo. Tuvunje ukuta?

Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko la Frankfurt, Ujerumani: upana kama mita 1.9, urefu kama mita 3.4. Likawekwa katika nyumba karibu 10,000, maana kila kitu kilipangwa pale mkono unapofika. Pangeni kwanza. Rafu moja ndefu ukutani huokoa nafasi kuliko mnavyodhani. Utengenezaji wa saruji huchangia kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu duniani, kwa hiyo kila ukuta unaovunjwa na kujengwa upya bila sababu una gharama yake. Na kama ukuta umebeba dari, msiridhike na neno la fundi peke yake, aje mhandisi.

Nataka kaunta ya kwatzi ya kiwandani. Nimeambiwa haiharibiki milele.

Waulize pia wanaoikata. Jiwe hilo, chenga za kwatzi zilizogandishwa kwa gundi, linaweza kuwa na silika, madini yaliyomo hata kwenye mchanga, zaidi ya asilimia 90, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Umewapata mafundi vijana kabisa, wengine wakahitaji kupandikizwa mapafu. Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Sioni uzuri wa kaunta iliyomkatia mtu pumzi. Kama ya sasa haijapasuka, ibaki. Kama imepasuka, tafuta kipande cha graniti kutoka nyumba inayobomolewa, au mbao ngumu utakayoipaka mafuta mara kwa mara. Hata graniti ina silika, ingawa kidogo zaidi: ikatwe kwa maji, fundi avae barakoa ya vumbi inayombana vizuri.

Taa?

LED. Weka moja chini ya rafu, juu ya unapokatia.

Friji yangu inakula umeme. Ninunue mpya?

Bana karatasi kwenye mlango wake. Ikichomoka kirahisi, mpira umekwisha, na mpira hubadilishwa. Iondoe karibu na jiko la moto, iachie nafasi ya kupumua nyuma. Ikishindikana, nunua yenye gesi ya kupoza ya R600a. Kilo moja ya R134a, gesi iliyotumika kwenye friji kwa miaka mingi, ikivuja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa. R600a haifiki kilo kumi. Ile ya zamani usimpe mtu atakayekata mabomba yake uani: mwite fundi wa friji mwenye mashine ya kunyonya gesi, na umwone akiinyonya.