Leseni ya Mtu au Leseni ya Kompyuta: Hesabu Zamu Kabla ya Kulipa

Ofisi ndogo zinazoniomba nizisaidie kununua programu huanza na swali la bei, na muuzaji naye huanzia hapo hapo. Mimi huomba kwanza nioneshwe jinsi watu wanavyofanya kazi: nani ana kompyuta yake peke yake, ni kompyuta ipi hukaliwa na watu wa zamu mbalimbali, na nani huondoka jioni akiwa na kazi ya ofisi kwenye simu na kompyuta mpakato. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama leseni imfuate mtu au ikae kwenye mashine. Kwangu uamuzi huo una uzito kuliko tofauti ya bei, kwa sababu ukikosewa watumishi huanza kupeana nywila, na ofisi hupoteza uwezo wa kujua nani alifanya nini.

Leseni ya kompyuta hufungwa kwenye mashine moja, akae nani asikae nani. Office Home & Business 2024, furushi la Microsoft lenye Word na Excel, ni ya namna hiyo: hununuliwa mara moja, huwekwa kwenye kompyuta moja, na itaendelea kupata maboresho ya usalama hadi Oktoba 2029. Leseni ya mtumiaji hufungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja, hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, na humfuata popote alipo. Microsoft 365 Business Standard, kwa mfano, humruhusu mtu huyo kuweka programu kwenye kompyuta 5, tableti 5 na simu 5. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwani husoma hizo kompyuta 5 wakadhani wamenunulia watu 5. Vifaa ni vingi, lakini mwenye haki ya kuvitumia ni yule yule mmoja, na kumpa mwenzake akaunti ni kuvunja masharti ya leseni.

Niliwahi kuitwa kwenye kituo cha afya ambacho kilikuwa kimenunua akaunti moja ya aina hiyo kwa ajili ya mapokezi na chumba cha dawa. Chini ya skrini ya mapokezi kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa barua pepe na nywila, na kila aliyeingia zamu aliisoma hapo. Jedwali la dawa lilihifadhi historia ya mabadiliko kama inavyotakiwa, ila kila badiliko, la asubuhi na la usiku wa manane, lilibeba jina la muuguzi ambaye alikwishahamia kituo kingine. Vidonge vya amoxicillin vilipopungua stoo kuliko idadi iliyoandikwa, hapakuwa na namna ya kujua ni nani aliyebadilisha idadi hiyo wala kwa sababu gani. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu watumishi wote wa zamu, wakiwemo waliokuwa waangalifu kabisa, walibaki chini ya shaka moja.

Kituo hicho kilihitaji leseni za kompyuta pale mapokezi na chumba cha dawa, kwa kuwa mashine zilikuwa chache na watu walikuwa wengi. Leseni ya kompyuta haimzuii mtu kuwa na jina lake la kuingilia: kila mtumishi alifunguliwa akaunti yake ya Windows kwenye mashine hizo hizo, na hesabu ya dawa ikahamishiwa kwenye mfumo wa wagonjwa, ambao kila mmoja huingia kwa jina lake. Mganga mfawidhi na mhasibu, wanaofanya kazi ofisini, nyumbani na safarini, ndio waliobaki na leseni za watumiaji. Kuchanganya aina mbili katika ofisi moja kunaruhusiwa, ingawa wauzaji hawalisemi hilo mara kwa mara.

Hesabu hiyo hiyo inatumika kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi. Windows Server huhitaji, mbali na leseni yake yenyewe, leseni za kuifikia, na hizo huuzwa kwa mtumiaji au kwa kifaa. Kiwanda chenye kompyuta 8 zinazotumiwa na watu 24 katika zamu tatu kitanunua leseni 8 za vifaa badala ya 24 za watumiaji. Ofisi ya wakaguzi 5 wa hesabu, kila mmoja akiwa na kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato na tableti, itanunua 5 za watumiaji badala ya 15 za vifaa.

Programu nyingine zina njia zake. Leseni ya mtu binafsi ya Adobe, kampuni ya programu za picha na usanifu, huwashwa kwenye kompyuta mbili lakini haitumiki kwenye zote kwa wakati mmoja, na kwa maabara za shule ipo leseni ya pekee inayobaki kwenye kompyuta wanafunzi wakipokezana. TallyPrime, inayotumiwa na wahasibu wengi Dar es Salaam na Nairobi, huuzwa kama Silver kwa kompyuta moja, au Gold kwa kompyuta zote za mtandao mmoja wa ndani.

Fikiria pia siku ya kuagana. Mtumishi akiondoka, leseni ya mtumiaji huhamishiwa kwa mrithi wake, lakini hilo linawezekana tu ikiwa akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya ofisi. Kwenye Microsoft 365, akaunti iliyofutwa huweza kurudishwa ndani ya siku 30, kwa hiyo faili zihamishwe mapema. Kompyuta nayo ikifa, Windows iliyokuja nayo kutoka kiwandani hufa pamoja na bodi yake kuu. Iliyonunuliwa dukani peke yake huweza kuhamishiwa kwenye mashine nyingine. Na kwa walio mbali na intaneti ya uhakika: programu za Microsoft 365 lazima ziunganishwe angalau mara moja kila siku 30, la sivyo utafungua nyaraka na kuzisoma bila kuweza kuzihariri. Kwa ofisi kama hiyo ningechagua leseni ya kompyuta hata kama hesabu ya watu inaelekea kwingine.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwenye ankara kama leseni ni za watu au za kompyuta, kama zinahamishika, na tarehe ya kuzihuisha. Akisita kuandika, tafuta mwingine. Na kama bado huna hakika ya zamu zako, lipia idara moja kwa mwezi. Utatozwa zaidi kidogo kuliko anayelipa kwa mwaka, lakini mwisho wa mwezi utakuwa umeona nani hasa anakaa kwenye mashine gani.