Miche ya mipapai kuanguka kitaluni

SWALI: Bwana Mhariri, nimeotesha mipapai kitaluni chini ya kivuli cha makuti, nikimwagilia maji asubuhi na jioni. Miche huota vizuri, lakini ikishatoa majani mawili matatu huanguka kwa mafungu. Muuza dawa alinipa metalaksili, dawa ya kuzuia ukungu. Nimeitumia, na mingine ingali inaanguka. Mwanangu amesoma kwamba wakulima wa jinsengi, mmea wa mizizi ya dawa, huko Korea husumbuliwa na balaa hili hili. Je, ni kweli, nami nifanyeje?
Msomaji, Gede, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, ng'oa mche ulioanguka leo uutazame pale shina linapogusana na udongo. Ukiona pamelainika, pamejaa maji na kuwa pembamba kama uzi, ilhali majani ya juu bado ni mabichi, huo ni ugonjwa ambao wataalamu huuita kinyausi, na mara nyingi mhusika huwa kimelea wa udongoni aitwaye Pythium. Iwapo pana kidonda kikavu cha rangi ya hudhurungi kilichobonyea ndani, mshuku kuvu aitwaye Rhizoctonia. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu metalaksili humzuia Pythium, lakini haimgusi Rhizoctonia. Huenda basi dawa uliyouziwa ni halali, ila haikukusudiwa kuvu aliyemo kitaluni mwako.

Mwanao amesema kweli. Jinsengi hupandwa kwa kusongamana kwenye matuta yenye kivuli, na miche yake hushambuliwa na vimelea wa jamii hizo hizo. Zaidi ya hayo, shamba lililokwisha kuvunwa jinsengi likipandwa jinsengi tena, mizizi huoza, hata wakulima wa huko hulazimika kuhamia ardhi mpya au kusubiri miaka mingi.

Nawe usioteshe tena katika udongo huo. Miche iliyoanguka itoe pamoja na udongo wake, wala usiitupe kwenye mboji. Acha kumwagilia jioni, kwani kitalu kinacholala na maji ndicho kimelea anachokitaka. Mwagilia asubuhi tu, udongo wa juu ukishakauka. Punguza makuti jua la asubuhi lipenye, panda kwa nafasi, na samadi iwe imeoza kabisa. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi.

Udongo wa msimu ujao uandae wakati wa kaskazi, jua likiwa kali: uloweshe, uufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ufukie kingo zake, uuache wiki 4 hadi 6 ili joto la jua liue vimelea. Nailoni nyeusi haifai sana hapa, kwa kuwa hupata joto yenyewe kabla ya udongo.

Na ikiwa utahamishia miche mahali palipokuwa na mipapai ya zamani, fuata njia ya wakulima wa Hawaii: chimba shimo, ulijaze udongo wa mahali pasipowahi kupandwa mpapai, ili mizizi itakapoufikia udongo wa zamani wenye vimelea, mche uwe umekwisha kukomaa kiasi cha kuustahimili.