Hiyo 3 ina upekee gani?

Msomaji mmoja anawafundisha wenzake JavaScript, lugha ya kuandikia programu, anauliza: "Nikiwaeleza Seti, kile chombo cha kukusanyia thamani, niseme inahifadhi thamani za kipekee au kuna neno bora?"

Lipo, na hilo kipekee naomba uliache leo leo. Ni ndugu wa peke na upweke, kitu kisicho na mwenzake, ila matangazo ya biashara yameshalichosha, ofa ya kipekee, muonekano wa kipekee, fursa ya kipekee, mpaka limebaki kumaanisha kizuri sana basi. Sasa limehamia kwenye programu na huku ndo linapotosha kabisa.

Chukua arei, yaani orodha, yenye 3, 3 na 7, mwambie mwanafunzi atoe thamani za kipekee. Akikuletea 7 tu utamkatalia vipi? Kafuata Kiswahili, 3 ziko mbili, isiyo na mwenzake ni 7! Lakini Seti haifanyi hivyo, yenyewe inabaki na 3 moja na 7 moja, haijali kitu kimekuja mara ngapi, inakataa tu kukipokea mara ya pili. Sasa hiyo 3 ina upekee gani? Haina hata chembe, imebaki kwa sababu pacha wake karudishwa mlangoni. Halafu mtu akifuta 3 zote mbili anaambiwa hajui programu wakati aliyekosea ni aliyemwandikia maelezo, na hii inaniuma kweli maana Seti imo kwenye JavaScript tangu 2015, muda wa kutosha kuielezea vizuri.

Na "zisizojirudia" wanayoikimbilia wengi ina shimo lilelile, kwani 3 si imejirudia? Andika hivi: Seti huhifadhi thamani bila marudio, kila moja mara moja tu. Kinachokatazwa ni marudio, thamani yenyewe haina kosa.

Neno thamani lenyewe ni la Kiarabu, asili yake bei, zamani lilinikera, siku hizi nimeshazoea, liache.

Ila uwaambie na marudio ni nini hapo. Namba 5 na "5" ya maandishi zinaingia zote, ni vitu viwili. Objekti, yaani vifurushi vya data, nazo vilevile: mbili zenye data zinazofanana kila kitu zinaingia zote, maana Seti inauliza kama ni objekti ileile, haiulizi kama zinafanana. Kwa hiyo hapo sema "ileile", usiseme "sawa".