Ufuatiliaji "endelevu" au "wa mfululizo"?

Swali: Muuguzi wa Bukavu anayetayarisha maelezo ya Kiswahili kwa wagonjwa wa kisukari anauliza kama kifaa kidogo kinachobandikwa mkononi na kusoma kiwango cha sukari usiku na mchana kinafanya "ufuatiliaji endelevu" au "ufuatiliaji wa mfululizo". Wenzake kazini hawakubaliani.

Jibu: Dada muuguzi, andika "wa mfululizo".

Kiambishi -vu huunda sifa iliyo katika tabia ya kitu: anayevumilia ni mvumilivu, aliyezoea kutulia ni mtulivu. Kwa hiyo "endelevu" ni sifa ya jambo lenye uwezo wa kuendelea kuwepo miaka na miaka bila kumaliza kinacholilisha, na ndiyo maana Goma na Bukavu neno hilo husikika zaidi kwenye mikutano ya miradi, hasa mfadhili anapokaribia kufunga virago. Mfululizo ni habari nyingine: mambo kufuatana, moja nyuma ya jingine, bila pengo kubwa. Nyinyi mliosoma kwa Kifaransa mna nafuu hapa, kwa kuwa hakuna kati yenu ambaye angechanganya continu (bila kukatika) na durable (-a kudumu).

Sasa tutazame kifaa chenyewe. Uzi mwembamba hukaa chini ya ngozi, nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, ndani ya majimaji yaliyo kati ya seli. Kimeng'enya, yaani protini inayochochea mmenyuko wa kikemikali, kilichopakwa kwenye uzi huo hukutana na sukari, mkondo mdogo wa umeme ukazaliwa, nao hugeuzwa kuwa namba. Wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi (kipande kinachopitisha umeme) lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons mwaka 1962. Namba mpya hutoka kila dakika au kila baada ya dakika 5, kutegemea aina, na aina nyingi hutupwa baada ya siku 10 hadi 15. Kitu cha kutupwa baada ya wiki mbili hivi ni vigumu kukiita endelevu, ingawa vipimo vyake vimefululiza. Hospitali ikiweza kuvinunua vifaa hivyo kwa miaka mingi, hapo utakuwa na haki ya kuandika "mpango endelevu wa ufuatiliaji wa mfululizo".

Kuhusu jina, "kihisi" linatosha. Usiseme "kihisi cha kuvaliwa", kwani saa huvaliwa, lakini hiki hubandikwa.

Lililo zito zaidi ni kitenzi. Ukiandika kwamba kihisi "hupima sukari ya damu", unampotosha mgonjwa, kwa sababu kifaa hakigusi damu, na sukari ya majimaji yale huchelewa kwa dakika kadhaa kuifuata ile ya damu, hasa inapopanda au kushuka kwa kasi. Andika hivi: "Kihisi hiki hukadiria sukari ya damu. Ukitetemeka au kutokwa jasho ilhali namba haionyeshi tatizo, choma kidole upime damu."