Kabla Hujauza Marudio, Yaoshe kwenye Karai

Mwaka wangu wa kwanza kwenye mwalo wetu, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, huku Matundasi, Chunya, niliuza marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu, kwa bei ya mchanga wa kujengea. Mnunuzi aliyachukua kwa lori akaenda kuyachenjua kwa sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu iliyobaki. Aliporudi mara ya tatu bila kuomba apunguziwe hata shilingi, nikashtuka.

Nilichota makarai mawili ya marudio. La kwanza nikaliosha vilevile lilivyo. Pembeni mwa mchanga mweusi ukabaki uzi wa njano, mwembamba kama unyusi. La pili nikalitwanga kwanza hadi likawa laini kama unga wa sembe, ndipo nikaliosha. Uzi ukawa mnene zaidi.

Ndugu mchimbaji, jaribio hili ulifanye kabla hujagusa kitu kingine. Dhahabu inayoonekana bila kutwanga imekimbia kwenye sluisi, ule mfereji wenye zulia la kunasia dhahabu. Inayojitokeza baada ya kutwanga ilikuwa bado imefungwa ndani ya jiwe, na hiyo hata uweke mazulia kumi hutaipata. Sisi tulikuwa na matatizo yote mawili. Kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, tulifunga chekeche ya matundu madogo zaidi, lakini hatukupitiliza, maana dhahabu ikipondwa sana inakuwa bapa na maji yanaibeba.

Sluisi ndiyo iliyotusumbua. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, jiwe jeupe la kwatzi 2.65 tu, kwa hiyo ikipewa nafasi itazama yenyewe. Sisi tuliinyima nafasi. Kiangazi maji ya Chunya ni ya shida, tunayarudisha yaleyale, na yalikuwa mazito kama uji. Tukachimba shimo la pili yatulie kwanza. Tukapunguza mteremko. Zulia nalo tulikuwa tunaliosha jioni tu. Mchana nikapitisha vidole, nyuzi zote zimeshajaa mchanga mweusi, mgumu kama sakafu. Dhahabu ilikuwa inateleza juu yake. Sasa tunaliosha kila saa.

Na zebaki, nawasihi, msiimwage ndani ya kinu cha kusagia mawe. Inasagika matone madogo, inaondoka na dhahabu iliyoikamata, kisha inaingia kwenye maji wanayochota watoto wetu.

Marudio bado nauza, kwa kuwa ile dhahabu laini kabisa sluisi haiishiki. Ila siku hizi mnunuzi nakaa naye kwanza kando ya beseni la maji, tunaosha karai moja pamoja, ndipo tunazungumza bei.